Kinanda Juu ya Mkeka

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili nilipewa shuleni niandikie matayarisho ya masomo. Nimelichukua, na mkurugenzi asiponiuliza sitamwambia. Leo nina hasira na sina mtu wa kumweleza, kwa sababu mtu ninayeishi naye ndiye mwenye haki ya kukasirika, na yeye hakukasirika.

Papa Toussaint, kiongozi wa kwaya yetu, alikuja nyumbani baada ya ibada. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akakataa chai, nikajua amekuja na neno zito. Mama ameimba sauti ya pili katika kwaya ile kwa miaka thelathini na moja. Mwezi wa kumi alipasuliwa rovu la shingoni. Rovu lilitoka, kidonda kikapona vizuri, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni pumzi tu, kama ya mtu anayepuliza makaa. Daktari alikuwa amemwonya mapema kwamba inaweza kuwa hivyo, na Mama alikubali, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Hilo nalo linaniudhi.

"Mama Geneviève," Toussaint akasema, "weye unajua sheria ya kwaya. Muntu akipitisha myezi tatu bila kuimba, tunamuweka mu bazazi ba kwaya. Minye nimengoja myezi tano."

Wazazi wa kwaya ni wale wanaokaa viti vya nyuma, wanaochanga kwaya ikisafiri na kupigiwa makofi mara moja kwa mwaka. Ukiingia huko unarudisha sare, apewe mwimbaji mpya. Sare ya Mama ilikuwa imeanikwa kwenye kamba mbele yetu, kitambaa cha bluu chenye majani meupe, bado inachuruzika maji.

Mama alimwita karibu akamnong'oneza. Toussaint akanitazama mimi, kama niliyepaswa kutafsiri.

"Anasema atapiga piano."

Kinanda cha kanisa kiliungua mwaka jana, siku umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika siku nne. Tangu hapo tunaimba kwa ngoma peke yake. Mama ana miaka sitini na sita. Anauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Hajawahi kugusa kinanda maishani mwake.

Toussaint si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningejua la kumfanya. Alifikiri kidogo, akasema orodha mpya ya kwaya itasomwa Jumapili ya mavuno, mwezi wa sita. Kama siku hiyo Mama ataongoza wimbo mmoja kwa kinanda, wimbo mzima, basi jina lake litabaki na sare yake itabaki. Asipoweza, airudishe siku hiyohiyo. Mama akampa mkono.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Jiko linavuja juu ya mafiga. Nimepika chini ya mwavuli.

Alhamisi, 7 Machi

Chaki nne zimepotea kwenye mkoba wangu, na chaki zetu shuleni zinahesabiwa. Nimezikuta mezani kwa Mama, zimebaki vipande. Amechora kinanda juu ya meza, kutoka pembe moja mpaka nyingine, vibonyezo vyeupe na kati ya kila viwili kimoja cheusi. Alikuwa anabonyeza meza huku midomo inatembea: do, re, mi. Noti anazijua zote kwa mdomo tangu utoto. Vidole ndivyo havijui kitu.

Nikamwuliza tutanunua kinanda kwa pesa gani. Akaleta kopo la maziwa lenye dola tisini tulizoweka za kununulia bati la jiko.

Niliandika masomo ya kesho kwenye ukingo wa meza, nikijihadhari nisifute.

Jumamosi, 9 Machi

Tumezunguka soko mchana kutwa kutafuta kinanda. Nilimwomba Gracien atusindikize. Ana kibanda cha kutengeneza redio hapa Nyamianda, na Jumamosi nyingine hupiga kinanda kwenye harusi. Ni kijana wa adabu ila anacheka ovyo.

Cha kwanza kilikuwa kidogo, cha rangi nyekundu, bei ndogo pia. Muuzaji akasema, "Hii iko na sauti mia moja. Iko na ya mbwa, iko na ya ndege, iko na ya mutoto analia." Mama akaweka kidole gumba, zikalia noti tatu kwa pamoja. Akakirudisha polepole kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

Cha pili kilikuwa dukani, ndani ya kioo. Ee, kile kilikuwa kinanda. Kirefu, kinang'aa, taa zinawaka kila unapogusa. Muuzaji alibonyeza kitufe kimoja kikaanza kupiga chenyewe, ngoma, gitaa, kila kitu, watu wakasimama mlangoni. Bei ilikuwa dola mia moja na thelathini baada ya kubishana sana. Nilianza kupiga hesabu ya mshahara wangu. Nilikuwa nawaza Jumapili ya mavuno, Mama ameketi mbele ya taa zile, na Toussaint ameshika tama.

Gracien alikipindua kifudifudi, akatazama tumbo lake.

"Madame, hii inakula kurant tu. Akuna nafasi ya pile. Na kurant ya Uvira, unaijua weye mwenyewe."

"Si tutapiga umeme ukiwepo?"

"Mutapiga siku mbili mu wiki. Halafu siku moja kurant itarudi na nguvu, itaungua sawa ile ya kanisa." Akamgeukia Mama. "Mama, unatafuta piano ya kuonyesha batu ao ya kujifunzia?"

Mama akanyoosha vidole vyake kumi, akavitingisha. Ya kujifunzia.

"Sasa, ya kujifunzia, achana na mataa. Achana na mangoma pia. Meno yake ikuwe makubwa sawa ya piano ya kweli, kama hapana hivyo vidole vitazoea vibaya. Ikuwe inasikia mukono. Ukigusa polepole, ilie polepole. Na ikule pile."

Meno ndivyo anavyoita vibonyezo, na pile ni betri. Tulirudi mikono mitupu, mimi nimenuna.

Jumatano, 13 Machi

Gracien alipita kuona meza ya Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Nilitaka kumfukuza. Kumbe vyeusi havikai kati ya kila vyeupe viwili. Vinakwenda viwili, vinapumzika, vinakwenda vitatu, vinapumzika. Mama alikuwa amefanya mazoezi wiki nzima kwenye kinanda ambacho hakipo duniani.

Gracien ameleta karatasi ndefu aliyochora kwa kufuata kinanda chake mwenyewe, kila kibonyezo kwa upana wake. Mama akatafuta ubao wa kuchorea. Nilipolala jioni godoro likazama katikati. Ameutoa ubao wa kitanda changu.

Jumatatu, 18 Machi

Ubao umepakwa rangi iliyobaki ya mlango. Tok, tok, tok tangu asubuhi. Jirani ameuliza kama tunatwanga kitu.

Jumamosi, 23 Machi

Tumekipata. Kilikuwa Kavimvira, karibu na mpaka, kwa mama mmoja anaitwa Ninahazwe aliyekuwa akifundisha watoto muziki nyumbani kwake. Maji ya ziwa yamefika uani kwake, anahamia kwa dada yake Bujumbura, na vitu vizito anaviuza. Gracien alisikia habari kwenye harusi.

Ukweli ni kwamba nilipokiona kinanda chenyewe nilisikia haya. Kimekwaruzwa. Hakina taa hata moja. Spika ya kushoto inakoroma. Kifuniko cha pile kilipotea zamani, pile zinashikwa na kipande cha mpira wa baiskeli. Nilimvuta Gracien kando nikamwuliza kama tumekuja kununua ama kuzika.

Mama hakunisikiliza. Alikaa, akafumba macho, akabonyeza kibonyezo cha kwanza kushoto, polepole, halafu kwa nguvu. Akaenda cha pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho, sitini na kimoja, na sisi tumesimama pale maji yakilamba ngazi za nyumba. Kile cha mwisho kabisa kulia hakikulia. Mama akakibonyeza mara ya pili, akamwonyesha Ninahazwe kwa kidole, bila kunung'unika.

"Batu banakuja hapa," Ninahazwe akasema, "banauliza tu iko na mangoma ngapi. Huyu mama njo wa kwanza kuisikiliza." Kisha akamwuliza, "Mama, weye ulikuwa unaimba?"

Mama akagusa kovu la shingo.

Ninahazwe alikuwa ametaja themanini na tano. Akasema sabini na tano, kwa sababu ya jino lile bovu. Nadhani haikuwa kwa sababu ya jino. Pesa zilizobaki tumenunua pile kubwa sita. Kinanda kilirudi Nyamianda kwenye pikipiki, Mama ameketi nyuma, amekibeba mgongoni kwa kitenge chake mwenyewe.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Kwaya imeimba vizuri. Mama alikaa kiti chake cha safu ya pili, amevaa sare, mdomo unafunguka na kufunga.

Ijumaa, 5 Aprili

Kuna sheria sasa. Pile ni ghali, kwa hiyo wimbo unapigwa kwanza kwenye ubao. Akiupiga mstari mmoja mara tatu bila kukosea, anaruhusiwa robo saa ya kinanda. Akikosa, anarudi kwenye ubao. Sheria ameitunga mwenyewe na anaihukumu mwenyewe, na ni hakimu mkali kuliko mimi darasani. Gracien anakuja Jumanne, analipwa ndagala.

Amechagua ule wimbo wa zamani wa mavuno, wenye mistari minne. Gracien alimshauri kitu kifupi zaidi. Hapana.

Jumatano, 17 Aprili

Naandika haya ili nisijifanye baadaye kwamba sikuyasema.

Nilirudi shuleni kichwa kinaniuma. Watoto sabini na wawili, mvua juu ya bati, hakuna anayemsikia mwenzake. Nyumbani jiko lilikuwa na maji mpaka kifundo cha mguu, kuni zimelowa, na Mama ameketi anagonga ubao. Tok, tok. Anakosea, anarudi. Anakosea pale pale, anarudi. Nilivumilia saa nzima nikipuliza moto. Halafu nikasema, "Pesa za bati la jiko ulizimaliza kwa sababu ya hii. Ubao hauna sauti, na wewe huna. Mnafanana."

Hakugeuka. Vidole vilisimama, kisha vikaendelea kutoka mwanzo wa mstari. Safari hii hakukosea.

Nilimpelekea chakula. Akala, akaosha sahani yake na yangu. Afadhali angenipiga.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Nimenunua pile sita. Nimeziweka juu ya ubao nikaenda shuleni bila kusema.

Jumapili, 28 Aprili

Leo mkono wa kushoto umeungana na wa kulia. Nilikuwa jikoni nikichambua mchele, kinanda kinalia chumbani, na bila kufikiri nikaanza kuimba sauti ya kwanza juu yake, mdomo umefumba. Ghafla kinanda kikanyamaza. Mama alikuwa mlangoni, ananitazama. Nikasema nilikuwa nakohoa.

Nina sababu ya kuficha. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nina miezi miwili tu kwenye kwaya, tuko kwenye mazoezi na kwaya ya wageni kutoka Mutarule. Mama akasimamisha wimbo, akanigeukia mbele ya watu wote, akasema, "Providence, unashuka." Ni kweli, nilikuwa nashuka chini ya noti. Lakini alikuwa mama yangu, angeweza kungoja tufike nyumbani. Nilimaliza mazoezi yale na sikurudi tena. Nina miaka thelathini na minne. Ni muda mrefu kununa kwa neno moja, najua.

Jumanne, 7 Mei

Ziwa limepanda tena. Barabara ya chini watu wanapita na mitumbwi mahali teksi zilipokuwa zinapaki. Toussaint amehamisha watoto wake kwa shemeji, alipita kwetu kuomba tumhifadhie magodoro mawili. Alisikia kinanda kutoka nje. Mama alipomwona aliacha, akatandaza kitenge juu ya vibonyezo, akamwonyesha mkono: bado.

"Sawa, Mama. Minye nitangoja siku yake," akasema. Suruali yake ilikuwa imelowa mpaka magoti. Zamani nilikuwa namwona mtu wa sheria tu. Leo nimeona amebeba magodoro na bado kikapuni ana madaftari ya nyimbo, ameyafunga kwa nailoni.

Alhamisi, 16 Mei

Huko Bwegera wameanza kuvuna mpunga. Bei ya mchele imeshuka sokoni. Mvua inapungua.

Jumapili, 26 Mei

Ameupiga wote. Mistari minne, mikono miwili, hakukosea mahali. Pale ambapo wimbo unaomba utulivu kinanda kilitulia, na mwishoni kikapanda, na spika ile inayokoroma ikakoroma sawasawa na Papa Thaddée, shemasi wetu, anavyokoroma kwenye besi. Nilikuwa naosha vyombo. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono yenye sabuni.

Nilikuwa nimekosea kuhusu kile cha dukani. Kile kingepiga chenyewe, na Mama angekuwa amekaa mbele yake tu. Nakiri hapa, Gracien nitamwambia siku nyingine.

Jumamosi, 8 Juni

Kesho. Sare imepigwa pasi. Mama anataka mchungaji akiombee kinanda kabla ya kukipiga kanisani, kwa sababu kwake kitu kipya hakianzi kazi bila maombi, hata sufuria. Nimemwambia sawa.

Jumapili, 9 Juni

Nimekaa muda mrefu kabla ya kuandika.

Tuliamka na mvua kubwa, mvua isiyo ya mwezi huu. Nilitangulia na kinanda, nimekifunga kwenye nailoni mbili. Upande wa kwaya bati la kanisa linavuja, na leo lilikuwa linamwaga maji hasa mahali ambapo kinanda kilipaswa kukaa. Nikatafuta pakavu. Pakavu palikuwa mbele, chini ya mimbari, kwenye mkeka mkubwa. Nikakiweka hapo, nikakifungua nailoni kisipate jasho. Halafu watoto wa shule ya Jumapili wakaniita kwenye chumba cha nyuma, maji yameingia.

Mkeka ule ni wa sadaka ya mavuno. Nimezaliwa katika kanisa hilo, najua. Kila mwaka watu wanaweka hapo mchele, mihogo, ndizi, kuku waliofungwa miguu, ndagala. Mchungaji anaomba, na baada ya amina kilicho juu ya mkeka ni cha Mungu. Hakuna anayekirudia. Kisha vyote vinapigwa mnada, na pesa ni za kanisa. Nilijua, lakini kwa kawaida sadaka huja mwisho wa ibada, baada ya nyimbo zote, na mimi nilikuwa nawaza bati tu.

Leo kwa sababu ya mvua mchungaji alibadilisha mpangilio. Magunia yalikuwa barazani, mchele ungelowa. Akasema sadaka iingie kwanza, iombewe na kuuzwa mara moja, watu wa mbali wafunge mizigo yao. Nilikuwa nyuma nasukuma maji na ufagio. Nilisikia amina. Sikushtuka. Nilishtuka niliposikia sauti ya Papa Thaddée, ambaye ndiye anayenadi kila mwaka, anasema, "Na hii piano, nani ameitoa? Mungu amubariki."

Nilikimbia mpaka mlango wa pembeni. Kinanda kilikuwa mikononi mwake, kimeinuliwa juu. Mama alikuwa safu ya pili, amesimama, mkono shingoni. Mdomo wake ulikuwa wazi, lakini hakuna kilichotoka. Kanisa limejaa, mvua inapiga bati, kuku wanalia. Hata aliyekaa ubavuni mwake hakumsikia.

Mimi ningesikika. Niko na sauti ya kunyamazisha watoto sabini na wawili. Ningesema, papa, subiri, hicho ni cha Mama, nimekosea mahali pa kukiweka. Maneno machache. Toussaint alikuwa ananitazama, yeye alijua, alikuwa anangoja niseme. Na watu wote wangegeuka kunitazama, mwalimu mzima aliyemwekea mama yake kinanda kwenye mkeka wa sadaka na sasa anamnyang'anya Mungu. Niliona aibu. Nilisimama na ufagio wangu, nikanyamaza.

Mtu wa Bwegera, Papa Gédéon, mfanyabiashara wa mchele ambaye huja kwetu kila mavuno, akauliza kutoka benchi la mbele, "Inalia ao ni ya kuangalia tu?"

"Nani anaweza kuiliza tuisikie?" Thaddée akauliza.

Mama alitoka safu ya pili. Alitembea polepole, akavuta kiti cha mchungaji, akamwonyesha Thaddée kwa mkono akiweke juu ya magoti yake yeye. Akafumba macho. Nilifikiri atabonyeza noti tatu nne aonyeshe kwamba ni kizima. Akaupiga wimbo wote.

Mstari wa kwanza watu walikuwa bado wanaongea. Wa pili wakanyamaza. Wa tatu kwaya ikaanza kuimba, sauti ya chini, hakuna aliyewaongoza, Toussaint mikono yake ilikuwa imeshuka tu. Wa nne waliimba wote, na mvua ikawa haisikiki. Na kadiri alivyopiga vizuri ndivyo bei ilivyopanda, kwa sababu Thaddée ni mnadi wa kweli, alikuwa anazunguka kati ya mabenchi huku wimbo unaendelea. Nilitaka kumwambia Mama akosee. Akosee kidogo tu, bei ishuke, nikope kwa mtu, nikirudishe. Hakukosea.

Gédéon akakichukua kwa dola mia mbili. Watu wakapiga vigelegele. Na kama ilivyo desturi ya wenye uwezo, aliyenunua hakubeba. Alisimama, akasema, "Minye kule Bwegera niko na mashini ya kukoboa muchele, ile kelele inanitosha. Hii piano ninaipa kwaya. Na huyu mama aliyeipiga, mumuangalie vizuri."

Alifanya wema mkubwa, na hakujua chochote. Mama alipiga makofi pamoja na wengine.

Baadaye Toussaint alisoma orodha. Akafika jina la Mama. "Mama Geneviève. Piano." Wakapiga makofi tena. Kisha akafunga kinanda kwenye kabati ya kanisa na kuweka ufunguo mfukoni.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, hatukuongea. Yeye hana sauti na mimi sikustahili kuitumia yangu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimemwambia. Kwamba ni mimi niliyekiweka pale, na kwamba nilikuwa mlangoni, nilisikia, nikanyamaza. Nimesema niko tayari kwenda Bwegera kumweleza Papa Gédéon.

Aliniita karibu, nikaweka sikio.

"Usiende. Kilisha tolewa."

"Mama, unanisamehe?"

Alifikiri. Si mtu wa kusema ndiyo haraka.

"Niliona ukitoka nacho. Mvua ilikuwa inanyesha, ukakifunika kuliko ulivyojifunika weye," akanong'ona. Kisha akaenda kuanika ndagala, maana jua lilikuwa limetoka.

Jumatano, 12 Juni

Mazoezi ya kwaya. Nilimfuata Toussaint kabla hayajaanza, nikamwomba Mama awe anarudi na kinanda nyumbani, kwa kujifunza nyimbo nyingine. Aliumia kweli, niliona.

"Madame, ile ingine yenye iliungua ilikuwa inatoka, kila muntu anaiomba kwa harusi yake. Sasa kwaya imeamua, kintu ya kwaya inalala mu kanisa. Minye nikivunja kwa mama yako, kesho nitavunja kwa nani?" Akatazama chini. "Siku ile, ungesema neno moja tu, ningesimamisha mnada. Minye peke yangu singeweza. Batu bangesema ninatafutia kwaya yangu."

Mama atakuwa nacho Jumatano na Jumapili, saa moja moja. Wamempa karatasi ya noti za wimbo mpya, mgumu, na Jumapili ya wiki ijayo anatakiwa kuupiga.

Jumamosi, 15 Juni

Jua kali. Mafundi wamepita kuuliza kama tunataka bati. Nimesema mwezi wa tisa.

Mchana nilikuwa nasahihisha mitihani mezani. Mama akauleta ubao, akaupangusa vumbi, akauweka upande wa pili wa meza. Tok, tok. Aliupiga mstari wa kwanza wa wimbo mpya, akasimama, akainamisha kichwa kama anayesikiliza, akaanza tena. Nikaelewa shida yake. Ule wa zamani alikuwa anaujua, alikuwa anausikia ndani. Huu hajui unavyolia. Alikuwa anabonyeza mbao na hawezi kujua kama amekosea, na hana hata koo la kujiimbia.

Niliacha kalamu. Nikasogeza kiti upande wake, nikatazama vidole. Kibonyezo cheupe kilicho kushoto mwa vyeusi viwili ni do, hilo nimejifunza bila kutaka. Alipobonyeza do nikaimba do. Akasimama, akanitazama. Akabonyeza mi, nikaimba mi. Akabonyeza sol akaacha kidole juu yake, nikaishika noti mpaka alipokiondoa.

Basi tukaenda hivyo. Yeye anagonga, mimi naimba alichogonga. Akikosea naimba kosa lake, analisikia, anarudi. Sauti yangu ilikuwa na kutu ya miaka kumi na saba, na machozi yalikuwa yananitoka, sikuyaficha. Kwenye mstari wa tatu kuna noti ndefu. Niliishika kadiri ya pumzi yangu.

Mama akagonga ubao mara mbili kwa kifundo cha kidole. Nikamwekea sikio.

"Providence," akanong'ona, "unashuka."

Nikapandisha.